Nyota, msalaba na kifaru: alama za magari ya vita

Wiki mbili sasa nawachosha na habari za foleni ya kafeteria, kwa hiyo leo tuhamie kwenye historia kidogo. Kuna jamaa hapa hosteli, kila tukiangalia filamu ya vita huuliza: hivi ile nyota nyeupe kwenye magari ya Wamarekani ni pambo au? Jamani, si pambo. Kazi yake ya kwanza ni kuwaambia wenzako wasikuue. Shida ni kwamba kinachoonwa na rafiki, adui naye anakiona.

Chukulia Wajerumani. Walipoivamia Poland Septemba 1939, vifaru vyao vilikuwa na msalaba mweupe mkubwa, huwezi kuukosa. Wapiga mizinga wa Poland wakaugeuza shabaha. Askari wenye vifaru wakaanza kuupaka matope ama kuufunika kwa rangi, na baadaye jeshi likahamia kwenye msalaba wa kingo tu. Wamarekani nao yakawakuta. Nyota yao kwa mbali, vumbi limetanda, iliweza kudhaniwa ni msalaba wa Kijerumani, ndiyo maana wakaizungushia duara. Kufikia Normandy, Juni 1944, nyota ilikuwa alama ya Washirika wote, Waingereza wakiwemo. Na bado kuna askari walioipaka matope. Ungekuwa wewe ndani ungeiacha iwake?

Alama nyingine zilikuwa za kazi tu, kama namba yako ya usajili chuoni. Kwenye bampa la Mmarekani unasoma divisheni, rejimenti, kombania na namba ya gari. Vifaru vya Waingereza vilichorwa maumbo: pembetatu skwadroni A, mraba B, duara C. Ninayoipenda mimi ni lile duara la njano lenye namba mbele ya gari. Hicho ni kiwango cha uzito. Darajani nako kuna namba. Ya gari ikizidi, usivuke. Dereva hahitaji hesabu wala Kiingereza.

Na hapa ndugu zetu wanaingia. Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, yenye askari wa KAR ambao lugha yao ya kuelewana ilikuwa Kiswahili, ilishuka bonde la Kabaw huko Burma mwaka 1944. Desemba ikafika Kalewa, na mto Chindwin ukawekewa daraja la Bailey la zaidi ya futi 1,100. Alama ya divisheni hiyo? Kichwa cha kifaru. Yule mnyama, si lile gari! Kiswahili kina raha yake.

Ghuba, 1991, ndiko kunakouma. Magari ya muungano uliopigana na Irak yalipakwa V iliyopinduliwa. Hata hivyo tarehe 26 Februari ndege za Marekani aina ya A-10 zilipiga magari mawili ya deraya ya Waingereza, wakafa askari 9. Kati ya Wamarekani 148 waliouawa mapiganoni, 35 waliuawa na wenzao. Sababu mojawapo ni hii: usiku mpiga mzinga anaangalia kwa darubini ya joto, na humo rangi haionekani, gari ni doa tu. Ndiyo maana walipoingia Irak 2003 magari mengi yalibeba vibao maalumu vinavyoonekana baridi kwenye darubini hizo.

Halafu ikaja Ukraine. Pande zote mbili zina vifaru vya asili ya Kisovyeti, T-72 kwa T-72, kwa hiyo Februari 2022 Warusi wakapaka Z, V na O. Septemba mwaka huo, kwenye mashambulizi ya Kharkiv, magari ya Ukraine yakaenda na msalaba mweupe. Rangi na brashi vilevile kama 1939, safari hii na droni juu zinatazama.

Haya, mwenye babu aliyekuwa Burma na KAR aniandikie. Nataka kujua kama kile kichwa cha kifaru aliwahi kukitaja.