Tui, Maziwa na Damu

Ukikamua tui la nazi ukaliacha bakulini, mafuta hupanda juu, maji yakabaki chini. Kizito hushuka, chepesi huelea. Lakini kungoja huchukua muda.

Mwaka 1878, Gustaf de Laval wa Sweden alitengeneza mashine ya kuzungusha maziwa kwa kasi. Mzunguko husukuma kilicho kizito nje, chepesi kikabaki katikati. Hivyo malai yakatengwa haraka.

Kisha ikaja zamu ya damu. Mwaka 1929, Maxwell Wintrobe, akiwa Marekani, alieleza bomba lake jembamba la kioo la kupimia. Damu ikishazungushwa, chembe nyekundu hukaa chini, maji ya manjano juu. Kwa mjamzito, chembe nyekundu zikiwa chini ya sehemu 33 katika 100, ana upungufu wa damu.

Mashine hiyo hutaka umeme. Mwaka 2013 huko Uganda, mtaalamu Manu Prakash aliikuta kliniki ikiitumia kuzuilia mlango! Mwaka 2017, yeye na wenzake wakatangaza ya karatasi na uzi, inayovutwa kwa mikono kama watoto wachezavyo na kifungo cha nguo.

Nawe mama wa Faza, Kizingitini au Kiunga, ukiwa mjamzito usingoje mpaka upauke. Nenda kliniki mapema upimwe damu, na umeze vidonge vya madini ya chuma unavyopewa. Upungufu ukijulikana mapema hutibika. Ukijulikana siku ya uchungu, msaada huenda ukachelewa.