Ufunguo Uliopotea Kyamwilu

Ukitoka Machakos mjini kuelekea Mutituni, kama kilomita 12 hivi, unafika Kyamwilu, pale Kituluni, ambapo gari hupanda mlima lenyewe. Angalau ndivyo macho yanavyosema. Unaweka gia huru, unaachilia breki, na gari linaanza kujivuta polepole kuelekea upande ambao ungeapa ni juu. Vijana wa hapo watamwaga maji barabarani uone nayo yakipanda, kisha utawatoa ya soda. Wanaojua fizikia wanasema ni macho tu: vilima vilivyozunguka vimekaa kwa namna inayoficha mteremko.

Hapo ndipo nilipopoteza ufunguo wa gari la mama.

Ilikuwa Jumapili. Tulishuka, nikafunga milango, tukapiga picha, tukatembea kwenye nyasi kando ya barabara. Kurudi, napapasa mfuko: simu ipo, ufunguo hakuna. Ndani ya gari kulikuwa na mkoba wa mama, na ndani ya mkoba kulikuwa na kitambulisho chake na kipochi cha baridi chenye insulini. Sindano yake ni saa moja jioni. Sasa ilikuwa saa tisa.

Mzee mmoja aliyekuwa akipita na ng'ombe wake alisimama kututazama. “Weka mawe kwa magurudumu,” akasema. Nikamuuliza, upande gani? Akaangalia barabara, akacheka. “Weka pande zote mbili, kijana. Hapa hakuna anayejua chini ni wapi.”

Nikaweka. Kijana mmoja wa maji akashauri tuvunje kioo. Mama akasema tungoje fundi. Ikifika saa kumi na mbili na nusu bila fundi, basi kioo kivunjwe. Nikapiga simu mjini.

Fundi alifika kwa boda saa kumi na nusu. Hakufungua begi la vifaa. Aliuliza swali moja tu: “Nitajuaje hii gari ni yenu?”

Swali hilo lina historia ndefu kuliko gari lenyewe.

Kwa Kiswahili, ufunguo umetoka kwa kufungua, lakini kufuli ni neno la Kiarabu, lililokuja na biashara ya bahari. Milango mizito ya mbao ya Mombasa, Lamu na Unguja ilifungwa kwa mnyororo na kufuli. Karne ya 19 misafara ya Wakamba ilikuwa ikishuka pwani na pembe za ndovu. Kivui Mwenda wa Kitui, mfanyabiashara mkubwa aliyempokea mmisionari Krapf mwaka 1849, alikuwa mmoja wa watu wa njia hizo. Lazima watu hao waliiona milango ile.

Na si kwamba walikosa ufundi wa chuma. Wahunzi wa Ukambani walisifika kwa mikufu, myembamba ajabu, pete ndani ya pete. Msomi wa Uswidi, Gerhard Lindblom, aliyeishi Ukambani kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia, aliandika kwa kirefu kuhusu kazi hizo. Kumbe mnyororo ulikuwepo. Lakini ulivaliwa kama pambo.

Mali ililindwaje basi? Boma la ng'ombe lilizibwa kwa miiba usiku. Lakini mzinga wa nyuki hauzibwi kwa miiba. Unatundikwa mtini, mbali na nyumbani, miezi na miezi, na yeyote anaweza kuupanda. Ulinzi wake ulikuwa alama. Kila ukoo ulikuwa na alama yake, iliyochomwa kwenye ngozi ya ng'ombe na kuchongwa kwenye mishale na mizinga. Alama haikuzuia mkono. Kazi yake ilikuwa kusema: mwenye kitu hiki anajulikana, na ukikichukua, wewe pia utajulikana.

Ufunguo unasema kitu tofauti. Unasema: sikujui, na sitaki kukujua, baki nje.

Gari lilipozaliwa halikuwa na ufunguo tunaoujua. Lilianza na alama. Polisi wa Paris walidai namba kwenye magari mwaka 1893, na Uingereza ikafuata kuanzia Januari 1904. Injini yenyewe uliiwasha kwa kuzungusha mkono wa chuma, hadi Cadillac ya 1912 ilipoleta stata ya umeme. Ford Model T, gari lililotengenezwa zaidi ya milioni 15, lilipopata swichi ya ufunguo, aina za funguo zilikuwa 24 tu, tena namba ya ufunguo imegongwa wazi kwenye swichi. Yaani ukitaka kuiba, unasoma namba, unaenda dukani. Mwaka 1949 Chrysler wakaunganisha mambo mawili: ufunguo mmoja unaowasha umeme na kuzungusha stata. Mwisho wa miaka ya 60 General Motors wakaufanya ufunge usukani pia.

Lakini chuma hulika. Kila mtu aliyekulia Kenya miaka ya 80 anajua hadithi hii. Baba alikuwa na Peugeot 504, ndugu wa zile zilizoshinda Safari Rally mwaka 1975 na 1978. Mama anasema ufunguo wake ulilika hadi baba aliweza kuuchomoa gari likiwa linatembea, akamwonyesha abiria kwa mbwembwe. Jirani mwenye Peugeot nyingine aliweza kuiwasha kwa ufunguo wake. Siku moja baba alitoka asubuhi akakuta gari halipo, akaketi akanywa chai. Lilirudi saa nne: jirani alikuwa amempeleka mkewe kujifungua.

Nilimuuliza mama kama baba hakukasirika. “Angekasirikia nini? Petroli alirudisha.”

Halafu ikaja miaka ya 90. Nairobi watu wakashushwa kwenye magari kwa bunduki, na habari zikafika hadi kwetu. Kingʼora, kufuli ya usukani, geti la chuma, mlinzi. Na kwa wakati uleule biashara ya magari yaliyotumika kutoka Japani ikashika kasi, na miaka iliyofuata ikaleta ufunguo wenye chipu.

Chipu hiyo haina betri. Ukitia ufunguo, koili iliyozunguka kitasa cha usukani inaipa nguvu kwa mawimbi ya redio, nayo inajibu kwa namba yake. Kompyuta ya gari ikiitambua, injini inawaka. Isipoitambua, hata ufunguo ukiwa umekatwa sawasawa, injini haiwaki. Jumuiya ya Ulaya ililazimisha mtambo huu kwenye magari mapya yote mwaka 1998. Ni kinga nzuri. Lakini jirani hawezi tena kukuazima ufunguo, na gari nyingi zinashuka Mombasa na ufunguo mmoja tu. Ukipotea, wewe mwenyewe umegeuka mgeni mbele ya mali yako.

Hivyo ndivyo tulivyokuwa Kyamwilu. Nilikuwa na picha ya logbook kwenye simu. Fundi akaisoma, akalinganisha namba ya chesisi kwa kuchungulia kupitia kioo cha mbele, akatazama namba ya usajili tuliyochonga kwenye vioo na side mirror. Zote sawa. “Gari ni ya huyu mama aliyeandikwa,” akasema. “Lakini mama aliyeandikwa ni nani?” Kitambulisho kilikuwa ndani, kimefungwa.

Nilianza kukasirika. Mama hakukasirika. “Ana haki,” akasema. “Ungetaka afungulie kila mtu?”

Ndipo yule mzee wa ng'ombe akaingilia. Akamuuliza mama kwa Kikamba yeye ni wa wapi. Mama akataja kijiji, huku huku vilima vya Iveti. Wa ukoo gani? Wa Aombe. Binti ya nani? Mama akataja jina. Mzee akanyamaza kidogo, kisha akauliza kama ndiye yule mtu wa mizinga, aliyechonga alama yake upande wa chini badala ya juu. Mama akasema ndiye. Alisema mkono wake wa kulia haukuwa mzima, na upande wa chini ulimwia rahisi.

Mzee akamgeukia fundi. “Fungua. Ukiulizwa, niulizwe mimi.”

Fundi akaweka masharti: anafungua mlango tu, mbele yetu sote, na kitambulisho kinatoka kabla ya kitu kingine chochote. Ikawa hivyo. Alilinganisha sura, jina na namba, akasema, “Pole sana, mwaitu,” na mama akachukua kipochi chake. Ilikuwa saa kumi na moja na dakika kumi.

Kilichobaki kilikuwa kazi. Alisoma meno ya kitasa, akakata ufunguo kwa mashine ndogo, akaunganisha tableti chini ya usukani, tukasubiri kama robo saa kompyuta ikubali kusahau na kujifunza upya. Nilimwomba aufute ufunguo wa zamani, na ukipoteza wako usisahau kuomba hivyo. Aliufuta. Akaniambia pia ambacho wengi hawaambiwi: ufunguo ule hauwezi tena kuwasha injini, lakini meno yake bado yanafungua mlango. Ukitaka kulala vizuri, badilisha kitasa. Na kesho upite kituo cha polisi uandikishe.

Nilipokuwa natoa mawe, niligundua ni ya upande mmoja tu yaliyokuwa yamebanwa na gurudumu. Kwa hiyo mawe yalijua chini ni wapi.

Siku hizi naviangalia vile vioo vilivyochongwa namba, na zile namba mpya za magari za mwaka 2022 zenye alama za kuzuia kughushi, na naona mizinga ya babu. Tumezunguka dunia nzima tukitafuta kufuli, na bado fundi mwaminifu anaanza na kuuliza alama, na alama bado inahitaji mtu wa kuishuhudia.

Tulitengeneza funguo mbili. Moja ninayo mimi. Ya pili nilisema tuiweke kwenye kabati, mama akakataa. Akaipeleka kwa jirani, mke wa yule mtu wa Peugeot, ambaye sasa ni mjane kama yeye. Nikamwambia si salama. Akanijibu kwamba kabati halina simu, na usiku sukari ikipanda, kabati haliwezi kuja kumpeleka hospitali.