Kuunda na Kuunga: Funzo la Mashua ya Vipande

Mfasiri apewaye maelekezo ya kutengeneza tela la kulala safarini, lenye kuta za plaiwudi, hukutana na tatizo tangu mwanzo. Maelekezo humtaka fundi akate papi za mbao, aziunge ziwe umbo la ukuta, kisha apigilie plaiwudi juu yake. Umbo hilo liitwe nini? Wengi huandika “fremu”. Lakini katika mitaa ya Mwanza, kama katika miji mingine ya Tanzania, fremu ni pia chumba cha duka kinachopangishwa. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba neno lifaalo limekuwapo siku nyingi, na kwamba historia ya Ziwa Viktoria yaweza kutusaidia kulipambanua.

Mwishoni mwa Februari 1875, msafara wa Henry Morton Stanley uliwasili Kageyi, kijiji cha mwambao wa kusini wa ziwa, si mbali na Mwanza ya leo. Wapagazi walikuwa wamebeba kutoka Bagamoyo mashua iliyoitwa Lady Alice. Mashua hiyo, yenye urefu wa futi 40 na upana wa futi 6, iliundwa Uingereza kwa mbao nyembamba za mwerezi, katika vipande vitano vya futi 8 kila kimoja. Ilipofika Unguja, vipande vilionekana kuwa vizito mno kwa mabega ya watu, ikabidi seremala avikate upya. Huko Kageyi vikaungwa, na tarehe 8 Machi mashua ikaanza safari ya kulizunguka ziwa.

Yafaa tutambue hapa kazi mbili zilizo mbali mbali. Mashua iliundwa Uingereza. Kageyi iliungwa tu. Kuunda ni kukipa kitu umbo lake kwa mbao, nacho ni kitenzi cha mafundi wa vyombo wa Pwani. Kuunga ni kukutanisha vilivyokwisha kuwapo. Kutokana na kuunda tumepata kiunzi, yaani mifupa ya chombo au ya nyumba. Katika jahazi, mkuku na mataruma ni sehemu za mifupa hiyo.

Ziwa lenyewe lilikuwa na ufundi wake. Mbao za mitumbwi mikubwa ya visiwa vya Sese, upande wa Uganda, zilishonwa kwa nyuzi za mimea, kama zilivyoshonwa zile za mtepe wa Pwani. Basi kushona, kupigilia na kuunga si visawe: kila kitenzi chaeleza namna yake ya kukutanisha mbao, na mfasiri hana ruhusa ya kuvichanganya.

Shina hilo hilo la kuunda limetupatia muundo na miundombinu, maneno ambayo watumishi wa serikali huyaandika kila siku bila ya kumkumbuka seremala. Ofisi imekopa kwa fundi. Haielekei fundi naye aambiwe kwamba lugha yake haina neno.

Yawezekana mtu akapinga kwamba kiunzi hutumika pia katika mbio za kuruka viunzi. Ni kweli, lakini muktadha hutenganisha karakana na uwanja wa michezo. Kwa hiyo tunapendekeza kiunzi cha ukuta kwa umbo la papi zilizoungwa, na kipande kwa sehemu iliyokatwa ili iungwe baadaye. Tena, kabla ya kubuni istilahi yo yote ya useremala, mfasiri na aende kwanza kwa mwenye msumeno akamwulize.