Jembe, Nyumba na Swali la Mkutanoni

Uchaguzi wa Septemba 1965 ulimwangusha Paul Bomani, Waziri wa Fedha, tena huko huko Mwanza alikojijengea jina kwa kuwaunganisha wakulima wa pamba katika vyama vya ushirika. Baba yangu, naye mkulima wa pamba, alitusimulia habari hiyo mara nyingi, na hakuiona ajabu. Kwake mbunge ni mtu aliyetumwa, na aliyetumwa sharti arudi na majibu.

Nimefundisha historia miaka mingi, na sijaona uchaguzi mwingine wa Tanzania Bara uliowabana wabunge kiasi kile, ingawa chama kilikuwa kimoja tu, TANU. Mwaka 1960 wagombea wake 58, katika viti 71, walipita bila kupingwa. Walikwenda Dar es Salaam bila kuulizwa neno na mpiga kura. Mwaka 1965 kila jimbo, isipokuwa machache, lilipewa wagombea wawili, wote wana-TANU. Sera ilikuwa moja, kwa hiyo kilichobaki kupimwa ni mtu mwenyewe.

Mikutano iliitishwa na chama, na wagombea walipanda jukwaa moja. Ilikuwa marufuku kuomba kura kwa kabila, rangi au dini. Kwa ajili ya wasiojua kusoma, mmoja alipewa alama ya jembe na mwenzake nyumba. Wa jembe akijigamba kwamba hakuna alaye bila jembe, wa nyumba humjibu kwamba jembe lenyewe jioni hulala ndani. Watu wakishacheka, maswali huanza, na zito kuliko yote lilikuwa hili: tangu uende Dar es Salaam, umerudi kwetu mara ngapi? Barabara na zahanati mtu angeweza kuzitolea udhuru. Kutoonekana hakukuwa na udhuru, kwa kuwa waliokusanyika pale ndio waliokuwa mashahidi. Wabunge wengi waliokuwa madarakani walianguka.

Bomani alirudishwa na Rais katika baraza la mawaziri. Ujuzi wake ulikuwa mkubwa, sibishi, lakini naamini wapiga kura wa Mwanza walistahili kwanza kuelezwa kwa nini uamuzi wao haukumwondoa serikalini. Na wabunge waliochaguliwa? Hao nao wakishaapishwa, mwananchi hakuwa na njia ya kuwaita tena mpaka miaka mitano iishe.

Jembe na nyumba viliendelea hadi uchaguzi wa 1990. Vyama vingi viliporuhusiwa mwaka 1992, tulipata haki tuliyoistahili, ila jukwaa la pamoja tukaliacha, na kuanzia 1995 kila chama kikahutubia watu wake. Hakuna kilichotulazimisha kuliacha. Lirudishwe katika kila kata: wagombea wote mbele ya wapiga kura wale wale, na anayetetea kiti awe wa kwanza kuulizwa.