Ugonjwa wa Parkinson: Jinsi Moyo Ulivyotoa Ushahidi

Pengine hapo Satellite, kando ya Barabara ya Naivasha, umewahi kumwona mzee akitembea kwa hatua fupi fupi, mkono mmoja ukitetemeka hata anapopumzika. Wengine husema ni uzee, wengine pombe, wengine husema amerogwa. Leo tuangalie madaktari walivyojifunza kuutambua ugonjwa huu.

Mwaka 1817 daktari James Parkinson wa London aliandika habari za wagonjwa 6. Wawili alikutana nao barabarani, na mmoja alimwona kwa mbali tu. Hakuwa na mashine. Alitumia macho yake. Baadaye Jean-Martin Charcot wa Paris akaupa ugonjwa huo jina la Parkinson. Katika karne ya 20 ikajulikana kwamba seli za ubongo zinazotengeneza dopamini hufa, na hapo mwendo wa mwili huharibika.

Je, moyo uliingiaje? Mwanzoni mwa miaka ya 1980, madaktari wa Chuo Kikuu cha Michigan, Marekani, walianza kutumia dawa iitwayo MIBG kupiga picha za uvimbe wa tezi zilizo juu ya figo. Dawa hiyo hufanana na kemikali ambayo neva huitumia kuharakisha moyo, kwa hiyo neva hizo huinyonya. Katika miaka ya 1990, madaktari wa Japani waligundua kwamba kwa wagonjwa wengi wa Parkinson moyo haukuonekana vizuri pichani. Ulikuwa ukipiga, lakini neva zake zilikuwa zimeharibika. Kumbe ugonjwa huu si wa ubongo pekee!

Mgonjwa hudungwa dawa hiyo mshipani, kisha hupigwa picha mara mbili, ya pili baada ya saa 3 au 4. Yapo magonjwa yanayofanana na Parkinson ambayo kwa kawaida huziacha neva hizo salama, na hapo picha humsaidia daktari kuyatenganisha. Mwaka 2015 kipimo hiki kiliingizwa katika mwongozo wa kimataifa. Hata hivyo, kisukari, ugonjwa wa moyo na baadhi ya dawa huweza kuipotosha picha. Tena iodini yake hupungua nusu kila saa 13, hivyo haiwekwi stoo.

Usikate tamaa kwa kukosa mashine hiyo. Hata leo daktari hutegemea kwanza macho, mikono na maswali, kama Parkinson mwenyewe. Mpeleke mzee hospitalini. Eleza kama anatetemeka, amekuwa mzito wa mwendo, hasikii harufu, hapati choo vizuri, au huona kizunguzungu akisimama. Beba dawa zote anazotumia, maana baadhi ya dawa za kuzuia kutapika nazo huleta kutetemeka.

Ugonjwa huu bado hauponi, lakini dawa zipo za kumrudishia mzee nafuu ya kushika kikombe chake mwenyewe. Usimfiche nyumbani. Hadi kipindi kijacho, kwaheri.