Damu ikome, kizazi kibaki

Vitabu vya udaktari vilizoea kusema kwamba hedhi ni nzito kupita kiasi ikiwa mwanamke anapoteza zaidi ya mililita 80 za damu kwa mwezi. Nyumbani hakuna anayepima mililita. Mwanamke anajua kwa pedi mbili anazovaa kwa pamoja, kwa mabonge ya damu, kwa kanga ya akiba kwenye mkoba na kizunguzungu akipanda ngazi. Damu ikipungua mwilini mwezi hadi mwezi, moyo unaenda mbio kwa kazi ndogo tu. Na kwa sehemu kubwa ya karne ya 20, tiba ya uhakika aliyokuwa nayo daktari dawa zikishindwa ilikuwa moja: kumpasua na kuondoa kizazi chote.

Kizazi kiliondolewa ingawa mara nyingi ukuta wake wa nyama ulikuwa mzima. Kinachotoa damu ni utando wa ndani, ambao unene wake ni wa milimita chache. Tabaka la juu la utando huo ndilo linalobomoka na kutoka kila mwezi. Chini yake kuna tabaka jingine lisilotoka, na hilo ndilo linalouotesha utando upya. Anayetaka kuikomesha damu lazima alifikie tabaka la chini na kuliua, pamoja na nyama kidogo iliyolishikilia, kina cha kama milimita 5 hivi. Akiishia juu, utando utaota tena. Akipitiliza, upande wa pili kipo kibofu, upo utumbo. Historia nzima ya vifaa vya kuikomesha damu hiyo ni kugombania milimita hizo.

Kifaa cha kwanza kuenea kilitoka Paris. Katika miaka ya 1840 daktari Joseph Récamier alitengeneza kijiko kidogo cha chuma chenye mpini mrefu, cha kukwangua utando. Wanawake wetu wengi wanakijua kwa kazi yake: kusafishwa. Kijiko hicho kimesaidia sana kupata kipande cha utando cha kupima, na kuondoa mabaki baada ya mimba kuharibika. Kwa hedhi nzito nafuu yake ilikuwa ya muda, kwa sababu tabaka la chini lilibaki. Isitoshe, daktari alikuwa akikwangua bila kuona, akitegemea mkono wake tu.

Wa kwanza kuripoti kwamba alichungulia ndani na kutibu alichokiona ni daktari Pantaleoni, mwaka 1869. Mgonjwa wake alikuwa mama wa miaka 60 aliyekuwa akitokwa damu ilhali hedhi ilishakoma. Akamwingizia mrija wenye mwanga wa kuakisi, akaona kinyama kimeota, akakiunguza kwa nitreti ya fedha. Wakati huo hapakuwa na balbu ya umeme, na mwanga wa mirija ya namna hiyo ulitoka kwenye taa ya kuwasha moto. Nikifikiria kazi hiyo, ninamheshimu zaidi yule mama aliyekubali kulala pale.

Kuona kulikuwa kugumu, hivyo wengi walijaribu kuunguza bila kuona. Mwishoni mwa karne ya 19, Snegirev wa Moscow na Pincus wa Ujerumani walipuliza mvuke wa maji yanayochemka ndani ya kizazi. Mvuke ulizuia damu kweli, lakini hakuna aliyeweza kuuamuru uishie wapi. Mwaka 1937, Bardenheuer wa Ujerumani alitumia umeme. Mwaka 1967, Cahan na Brockunier wa Marekani walikwenda kinyume, wakaugandisha utando kwa baridi kali. Mawazo yote matatu yalikuwa sahihi. Kilichokosekana ni breki.

Jambo lililogeuza fikra za madaktari lilianzia kwenye madhara. Mwaka 1948 Joseph Asherman, daktari wa Israeli, aliandika kuhusu wanawake waliokatikiwa na hedhi baada ya kukwanguliwa, mara nyingi baada ya kujifungua au mimba kuharibika. Kuta za ndani za kizazi zilikuwa zimejeruhiwa hadi tabaka la chini, zikaota makovu na kushikana. Fritsch, Mjerumani, alishaeleza kisa cha namna hiyo mwaka 1894, lakini ni jina la Asherman lililobaki kwenye ugonjwa huo. Kwa mwanamke anayetafuta mtoto, makovu hayo ni msiba. Ila yalithibitisha jambo: utando ukiumizwa kwa kina cha kutosha, hedhi hukoma.

Milton Goldrath, wa Detroit, ndiye aliyeamua kuyatengeneza makovu hayo kwa makusudi kwa mgonjwa ambaye hataki tena kuzaa. Mwaka 1981 yeye na wenzake walitangaza matokeo ya kuuchoma utando kwa mionzi ya leza, huku daktari akiangalia kwa kamera ya mrija. Alipitisha leza kwenye utando mstari baada ya mstari, pembe hadi pembe, mpaka wote ukaungua. Miaka miwili baadaye DeCherney na Polan walionyesha kwamba kazi hiyo inawezekana kwa kifaa cha bei nafuu zaidi, waya wenye umeme ambao madaktari wa mfumo wa mkojo walikuwa wakiutumia kukata tezi dume. Mwaka 1989 Vancaillie akaeleza matumizi ya kijipira cha chuma kinachobingirishwa juu ya utando kikiupitishia umeme, njia iliyopunguza hatari ya kukata kupita kiasi.

Hatari haikuisha. Ili aone, daktari hulazimika kukijaza kizazi maji maalumu kikanyooka, na maji hayo hupenya kwenye mishipa ya damu. Yakiingia mengi, chumvi ya damu hushuka, ubongo huvimba, na mgonjwa anaweza kufa. Uchunguzi mkubwa uliofanywa Uingereza katikati ya miaka ya 1990, uliohusisha wanawake zaidi ya 10,000, ulionyesha kwamba leza na kijipira ni salama kuliko waya wa kukata, na kwamba uzoefu wa daktari una uzito wake. Tiba ilikuwa nzuri kwa aliyebahatika kupata mkono mzuri. Hilo halikutosha.

Ndipo lilipokuja puto. Robert Neuwirth na wenzake huko New York walieleza kifaa chao mwaka 1994, na mwishoni mwa mwaka 1997 mamlaka ya Marekani ikakiruhusu kwa jina la ThermaChoice. Ni mrija mwembamba wenye puto lililonywea kwenye ncha. Unaingizwa kupitia mlango wa kizazi, puto linajazwa maji yenye sukari ya asilimia 5 mpaka linajibana kwenye kuta zote, kisha maji hayo yanapashwa moto hadi nyuzi 87 za Selsiasi kwa dakika 8. Mashine inapima shinikizo muda wote. Shinikizo likishuka ghafla, pengine puto limevuja au ukuta una tundu, hivyo inajizima. Hata uchaguzi wa maji ya sukari ulikuwa wa busara, maana puto likipasuka kinachomwagika hakina sumu. Breki ikawa imepatikana, na kazi iliyohitaji bingwa wa kamera ikawezekana kwa daktari wa wanawake wa kawaida.

Baada ya hapo vifaa vilifuatana haraka. Waingereza walitumia mawimbi ya maikrowevu. Maji moto yalirudi, safari hii yakizungushwa ndani ya kizazi chini ya kamera. Baridi nayo ikarudi. Mwaka 2001 ikaruhusiwa NovaSure, wavu wa pembetatu uliopakwa dhahabu unaofunguka na kufuata umbo la kizazi. Kwanza hupuliza gesi ya kaboni dioksidi kupima kama ukuta umetoboka, na ikiwa gesi inavuja, mashine inagoma kuwaka. Ikiridhika hupitisha umeme kwa kama dakika moja na nusu, ikisoma ukinzani wa nyama ili ijue wakati wa kuacha. Puto lenyewe liliacha kutengenezwa katikati ya miaka ya 2010. Nchini Uingereza, upasuaji wa kuondoa kizazi kwa ajili ya hedhi nzito ulipungua sana tangu tiba hizi zilipoenea.

Mafanikio hayo si ya mashine peke yake. Dawa ya asidi ya traneksamiki, iliyogunduliwa Japani na Utako Okamoto na mumewe na kutangazwa mwaka 1962, hupunguza damu kwa vidonge tu. Kitanzi chenye homoni, kilichoidhinishwa kwanza Finland mwaka 1990, huufanya utando kuwa mwembamba, na kikitolewa uwezo wa kuzaa hurudi. Kwa maoni yangu hivi ndivyo vya kujaribiwa mwanzo, hasa kwetu, kwa sababu vifaa vya kuchoma vina kichwa kinachotumika kwa mgonjwa mmoja na kutupwa, na bei yake si ya hospitali ya wilaya.

Kuchoma utando hakumfai kila mtu. Sampuli ya utando ipimwe kwanza, maana saratani iliyofunikwa na makovu ni vigumu kuigundua. Uvimbe mkubwa ndani ya kizazi unaweza kukizuia kifaa kugusa kuta zote. Hedhi si lazima ikome kabisa, kwa wengi hupungua tu, na wapo ambao baada ya miaka kadhaa huhitaji upasuaji. Aliye na nia ya kuzaa tena asifanyiwe. Na kuchoma utando si njia ya kufunga uzazi: mimba inaweza kuingia, kondo la nyuma likajichimbia kwenye ukuta wenye makovu, na mama akavuja damu hadi kufa.

Kwa hiyo dada, shangazi, mama unayesoma makala haya: ukiambiwa kizazi kitolewe kwa sababu ya hedhi nzito na vipimo havijaonyesha saratani, kabla hujasaini fomu muulize daktari kama vidonge, kitanzi chenye homoni na kuchoma utando vimefikiriwa, na kwa nini vimeachwa. Ukichagua kuchoma utando, usitoke hospitalini kabla hujapangiwa njia ya uzazi wa mpango.