Mtambo Uliomshinda Bingwa wa Sataranji

Fungueni madaftari, kisha tusikilizane.

Sataranji ni mchezo wa watu wawili. Ubao wake una vyumba 64, na kila mchezaji ana kete 16. Moja ya kete hizo huitwa mfalme. Ukimbana mfalme wa mwenzako hata akakosa pa kukimbilia, umeshinda. Kama ilivyo katika bao, mchezaji hodari hutazama mbele: nikicheza hivi, mwenzangu atanijibuje?

Mwaka 1985, katika mji wa Pittsburgh, Marekani, mwanafunzi mmoja wa chuo kikuu alianza kuunda mtambo wa kutazama mbele namna hiyo. Huyo ni Bwana Feng-hsiung Hsu, mzaliwa wa Taiwan. Baadaye yeye na wenzake waliendelea na kazi hiyo katika kampuni ya IBM.

Mwaka 1989 mtambo wao, Deep Thought, ulikutana na Bwana Garry Kasparov, bingwa wa dunia. Walicheza michezo 2. Mtambo ulishindwa yote miwili.

Wakarudi kazini. Mwaka 1996 wakaja Philadelphia na mtambo mpya, Deep Blue. Mchezo wa kwanza ulishinda mtambo, na watu wakashangaa. Lakini michezo 6 ilipokwisha, Kasparov alikuwa na pointi 4, na mtambo pointi 2.

Wakarudi tena. Waliongeza nguvu za mtambo, na mchezaji hodari, Bwana Joel Benjamin, akawaonyesha makosa yake. Mwezi wa Mei 1997, mjini New York, Deep Blue ulipata pointi 3½, na Kasparov 2½. Kasparov alitaka wacheze tena, lakini IBM haikukubali.

Je, mtambo ule ulikuwa na akili kuliko mtu? Uliweza kupima mipangilio ya kete milioni 200 kwa sekunde moja. Hakuna mtu awezaye hivyo. Lakini haukujua kwamba umeshindwa, wala kwamba umeshinda. Waliojua ni watu waliouunda. Wao ndio walioona aibu ya kushindwa, wakatafuta kosa lilipo, wakalisahihisha.

Sasa andikeni majibu:

1. Ubao wa sataranji una vyumba vingapi?
2. Kasparov alipata pointi ngapi mwaka 1996? Na mwaka 1997?
3. Kwa maoni yako, nani alimshinda Kasparov: mtambo, au watu waliouunda? Toa sababu.

Kwaherini.